Kome Asiye na Miguu Alipandaje Mto?

Mabibi na mabwana, leo namzungumzia kome-pundamilia, mwenye ganda la milia na urefu wa sentimita 2 au 3 hivi. Kwao ni mito na maziwa ya pande za Bahari Nyeusi na Kaspi. Mwaka 1824 alishaonekana London.

Kushuka na mto kwake si kazi. Jike mmoja aweza kutoa mayai hadi milioni 1 kwa mwaka, na lava wake, yaani watoto wachanga wasioonekana kwa macho, huelea kwa wiki kadhaa wakichukuliwa na mkondo. Lakini hebu tujiulize: ikiwa kila kizazi kinasukumwa chini, mbona mto haubaki mtupu huku juu? Jibu mara nyingi ni bwawa au ziwa. Maji yaliyotulia hulea kome wazazi, nao kila msimu hupeleka watoto mtoni. Ndiyo maana mimi huogopa bwawa moja lililovamiwa kuliko kilomita nyingi za mto.

Kupanda, hapo anatuhitaji sisi. Kome hujifunga kwa nyuzi ngumu kwenye ubavu wa tishali, na tishali likikokotwa kwenda juu, naye yumo. Mfereji ndio mbaya zaidi, maana huunganisha mito ambayo nchi kavu iliitenganisha tangu zamani. Mifereji ya karne ya 18 na 19 ndiyo iliyomfungulia Ulaya.

Marekani nako, mfereji wa Chicago ulipofunguliwa mwaka 1900, maji ya Ziwa Michigan yaligeuzwa yaelekee mto Illinois, na kutoka huko hadi Mississippi. Kome aligunduliwa katika Ziwa St. Clair, lililoungana kwa maji na Ziwa Michigan, mwaka 1988, baada ya kuletwa na maji ya kusawazisha meli. Kufikia 1991 alikuwa ndani ya mto Illinois. Baadaye mfereji huo ukawekewa kizuizi cha umeme. Ni cha samaki, lava wanaoelea hakiwahusu.

Mwenye mashua apapase ubavu wa chombo chake. Ukikwaruza kama msasa, huenda ni kome wachanga. Maji ya moto ya nyuzijoto 60 za Selsiasi huwaua, na maji yaliyotuama chini ya injini yamwagwe nchi kavu, mbali na mto, kabla chombo hakijapelekwa maji mengine.