Popo Ana Sheria, Bonde Lina Ahadi

ZAINABU: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tuliahidi kuzungumzia maendeleo endelevu na ulinzi wa kisheria wa turathi za utamaduni kwa utaratibu, na masomo matatu nimeyaandika kwenye karatasi hii. Kabla ya hayo, nina kisa cha dirisha la ofisi yangu.

RAJABU: Dada Zainabu, vita vyako na lile jengo havijaisha tu?

ZAINABU: Vitaishaje, kaka? Jengo limo katika orodha ya majengo yanayolindwa, kwa hiyo hata dirisha lililooza haliguswi mpaka kibali kitoke, na kibali chenyewe kinataka mbao za aina ileile na maungio yaleyale. Kilipotoka Jumanne, seremala alibonyeza kizingiti cha dirisha kwa kidole gumba, kidole kikazama, na unga wa mbao ukamwagika juu ya mafaili yangu. Alipochomeka patasi nyuma ya ubao, akachomoka popo, akaizunguka taa mara mbili, kisha akarudi palepale alipotoka. Seremala alikusanya vifaa vyake, akasema yeye aliitwa kwa kazi ya mbao tu.

RAJABU: Basi jengo lako limepata wakili. Usicheke, kwa maana kule Dresden, Ujerumani, popo waliwahi kufanya kile ambacho Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ilishindwa kukifanya.

ZAINABU: Hilo lilikuwa somo langu la pili, lakini endelea.

RAJABU: Bonde la Mto Elbe, kwa urefu wa kilomita 18 hivi, liliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2004. Mwaka uliofuata wakazi wa mji walipiga kura ya maoni, na takribani asilimia 68 ya waliopiga kura wakataka daraja lijengwe kuvuka bonde hilo. UNESCO ilionya, ikaliweka bonde katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2006, na mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ikakataa kuingilia kati. Mwezi Agosti mwaka huohuo ujenzi ukasimamishwa na mahakama ya utawala kwa sababu ya popo mdogo ambaye pua yake ina umbo la kiatu cha farasi.

ZAINABU: Na hapo ndipo penye kiini cha mambo. Mkataba wa Urithi wa Dunia wa 1972, katika kifungu cha 4, unaitaka nchi ilinde urithi wake na kuurithisha vizazi vijavyo, lakini Ujerumani haikuwa imetunga sheria ya ndani ya kuutekeleza. Popo alikuwa na sheria ya Ulaya ya kulinda makazi ya wanyama, ambayo hakimu angeweza kuishika mkononi na kuipima kesi kwayo. Bonde lilikuwa na ahadi.

RAJABU: Hata hivyo popo naye alishinda kwa muda tu, kwani miezi michache baadaye mahakama ya ngazi iliyo juu ya ile ya utawala iliruhusu kazi iendelee. Bonde likafutwa katika Orodha mwaka 2009, na daraja likafunguliwa mwaka 2013.

ZAINABU: Likiwa na amri kwamba usiku, katika miezi ya joto, magari yasizidi kilomita 30 kwa saa ili popo wapite salama! Kwa hiyo popo bado ana haki yake barabarani, na bonde halina hata kibao.

RAJABU: Wewe unaliona jambo hilo kuwa aibu, mimi naliona kuwa halali. Wanaoishi mahali ndio wanaokwama kwenye foleni, na ndio wanaolipa kodi ya kuyatunza hayo mandhari. Ile ripoti ya mwaka 1987 ya Tume ya Brundtland, tume ya Umoja wa Mataifa, ilipoeleza maana ya maendeleo endelevu ilianza na mahitaji ya kizazi cha sasa.

ZAINABU: Sentensi hiyohiyo inaendelea, kaka: bila kukinyima kizazi kijacho uwezo wa kukidhi mahitaji yake. Umeisoma nusu. Waliopiga kura mwaka 2005 walikuwa na magari. Ambao hawajazaliwa hawakuwa na karatasi ya kura. Tena palikuwa na pendekezo la kupitisha barabara chini ya mto.

RAJABU: Nani aliyekupa wewe uwakilishi wa ambao hawajazaliwa? Huenda wangelichagua daraja.

ZAINABU: Huenda. Ila asiyejenga leo amewaachia nafasi ya kujenga kesho, ilhali aliyekwisha kujenga hakuwaachia cha kuamua.

RAJABU: Kwa hoja hiyo hakuna kitakachojengwa popote, na mji utageuka kabati la vyombo vya wageni. Liverpool, Uingereza, nayo ilifutwa katika Orodha mwaka 2021 kwa sababu ya ujenzi mpya kwenye gati zake za kale, na watu wake bado wanaishi.

ZAINABU: Kuishi hakuthibitishi kwamba hawakupoteza kitu. Sikubaliani nawe.

RAJABU: Wala mimi nawe.

ZAINABU: Nimeashiriwa kwamba zimebaki dakika mbili, na karatasi yangu bado haijaguswa. Somo la kwanza lilihusu tathmini ya athari kwa turathi, ambayo inafaa ifanywe kabla mkataba wa ujenzi haujatiwa saini, na la tatu…

RAJABU: La tatu liache. Niambie kwanza, popo umemfanya nini?

ZAINABU: Yuko nyuma ya ubao wake. Nimewaandikia waliotoa kibali kuuliza kama kinamhusu na yeye.

RAJABU: Wamejibu?

ZAINABU: Wameomba picha ya pua yake.