Boda yangu na barafu ya kaskazini

Asante mwenyekiti, naona umeshaweka simu mezani ya kuangalia saa na mimi hata sijaanza. Ndugu zangu, habari za mchana. Kiswahili changu ni cha Kasese, Uganda, kimechanganyika na cha jeshini na cha soko la Mpondwe, kwa hiyo walimu wa sarufi mlio kule nyuma naomba radhi mapema, leo tukosane kwa jambo lingine.

Nimekuja kuongea jinsi barafu ya dunia inavyopungua. Habari za moshi na kaboni mmezisikia mpaka mmechoka, naziruka. Naanza na yule bwana ambaye kila nikiongea huwa yupo, sura inabadilika lakini ni yuleyule, ananyanyua simu anasema Mzee unatudanganya, barafu kule kaskazini imeongezeka nusu nzima kwa mwaka mmoja, ona imeandikwa hapa. Na mimi kila mara namjibu ni kweli. Kweli kabisa. Septemba ndiyo mwezi barafu ya Bahari ya Aktiki, ile ya kaskazini kabisa, huwa ndogo kuliko yote, na Septemba 2012 ilishuka mpaka kilomita za mraba milioni 3.4, Septemba 2013 ikawa milioni 5.1. Piga hesabu, ni asilimia 50 hiyo. Sasa ngojeni niwape habari ya boda yangu, walioisikia wavumilie.

Nilinunua boda nikampa kijana mmoja aendeshe, tukapatana kila Jumamosi aniletee elfu 70. Mwanzoni hakuna shida, sabini, sabini, siku nyingine sitini na tano, mvua imenyesha bosi, sawa, mvua tunaiona wote. Halafu ikaanza sitini, hamsini na tano, mara pancha, mara trafiki wamemkamata, mara mke amejifungua, na mimi mjinga nikatuma na za nepi. Jumamosi moja analeta elfu 34. Banange! Nikamwambia wiki ijayo njoo na hela au njoo na ufunguo. Wiki ijayo kaja anacheka mpaka magego yanaonekana, kanihesabia elfu 51 mkononi, noti moja moja, anasema bosi, wiki hii biashara imepanda nusu nzima! Na hajadanganya hata shilingi. Mimi nikaanza kufurahi kweli, nikaita aletewe chai. Mama watoto alikuwa pale mlangoni anachambua maharage, hata kichwa hakunyanyua, akauliza tu, “Imepanda kutoka wapi?”

Kutoka wapi! Miaka yote hii nazunguka na projekta kumbe hotuba yangu yote iko kwenye hayo maneno matatu. Sasa toeni maelfu muweke kilomita za mraba. Ile 34 ndiyo 2012, 51 ndiyo 2013, na sabini tuliyopatana ndiyo 1979, setilaiti zilipoanza kutupa rekodi ya mfululizo, Septemba ile barafu ilikuwa kama milioni 7. Baada ya wiki mbaya kuliko zote itakayofuata lazima iwe na nafuu, kijana wangu kuishinda 34 hakuhitaji bidii, hata angelala mchana kwenye steji angeishinda. Lakini sabini haijarudi tena nyumbani kwangu, na barafu ni vilevile, tangu 2007 hakuna Septemba hata moja iliyofika milioni 6.

Kuna mwingine mjanja kidogo, huyu hapendi 2013, yeye anasema basi mbona rekodi ya 2012 haijavunjwa, miaka imepita, si imesimama? Kijana wangu naye alisema hivyohivyo, bosi tangu siku ile sijakuletea tena chini ya thelathini na nne. Eti nimshukuru!

Na wa tatu, huyu nampa haki yake, anasema mlituambia itaisha. Kweli mlitangaziwa. Al Gore, aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani, mwaka 2007 akipokea tuzo ya Nobel ya Amani alinukuu utafiti kwamba barafu ya kiangazi huenda ikaisha ndani ya miaka 7, ikafika 2014 barafu iko. Wenye haraka walituponza, na mimi nilikuwa mmoja wao, nilitaja mwaka mbele ya watu na watu wana kumbukumbu. Ila kinyozi akikosea siku ya kufunga duka haina maana wateja wanaongezeka.

Kusini napita mbio. Mwaka 2014 barafu ya baharini kuzunguka Antaktika, lile bara la kusini kabisa, ilivuka milioni 20 wakati wa baridi yao, rekodi, tukapigiwa vigelegele vya kejeli hata kwenye redio. Mwaka 2023 msimu uleule haikufika milioni 17, vigelegele siku hizi sivisikii. Lakini subiri, mmeona nilichofanya? Nimechukua mwaka wa juu kabisa nikauweka karibu na wa chini kabisa, mchezo uleule wa boda. Kule kusini barafu ya bahari ilipanda kidogo kidogo kwa miaka mingi halafu ikaporomoka ghafla, na wataalamu bado wanabishana kwa nini. Akija mtu wa upande wangu anawapa hizo namba mbili tu, mwulizeni na yeye, kutoka wapi.

Halafu mjue hiyo yote ni barafu inayoelea, ikiyeyuka bahari haipandi, kama vipande vya barafu ndani ya soda yako. Inayopandisha bahari ni ya nchi kavu, yaani mtu anatoka nje anakuongezea vipande kwenye glasi iliyojaa. Kisiwa cha Greenland pekee kimekuwa ikipoteza kwa wastani zaidi ya tani bilioni 200 kila mwaka tangu 2002. Siongezi.

Naonyeshwa dakika tano, na nyumbani bado sijafika. Marehemu baba alikuwa mbeba mizigo wa wapanda mlima, barafu ya Rwenzori aliikanyaga kwa gambuti. Sisi Wakonzo tunaita nzururu, jina la ufalme wetu wa Rwenzururu limetoka humo, na wazee wanasema huko juu ndiko anakokaa Kitasamba, mungu wa mlima. Duke wa Abruzzi, mwana wa kifalme wa Kiitaliano, alipopanda 1906 barafu ilikuwa kama kilomita za mraba 7. Saba tena, mnaona. Kufikia 2003 haikufika hata 1. Hapo kuna wanaosema si joto, ni ukavu, mawingu na theluji vimepungua juu. Ubishi huo ni wa heshima, watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Makerere waliandika 2006 kwamba joto ndilo linaloimaliza, wengine wakawajibu. Lakini sikilizeni wanabishania nini, wanabishania muuaji, habari ya kwamba kuna maiti hakuna anayeikataa.

Na msiniwekee maneno mdomoni, mto Nyamwamba uliobeba nyumba zetu 2013 na 2020 haukujazwa na barafu, ile ni mvua. Kipande kilichobaki juu kule hakiwezi kuzamisha hata stendi ya Kasese. Kila mwaka mtu ananiletea picha za mafuriko ya Kilembe niziweke kwenye hotuba ya barafu, siziweki, wekeni kwenye hotuba ya mvua, nayo nipeni saa nzima.

Nilikuwa na habari ya mapovu ya hewa ya miaka 800,000 yaliyonaswa ndani ya barafu iliyochimbwa Antaktika, hiyo ndiyo tamu kuliko zote, lakini mwenyekiti ameshasimama na akisimama huwa hakai tena. Haya, yule bwana wa shati la bluu mpeni maikrofoni, nimeona simu ameinyanyua tangu nikiwa kwenye boda. Na kama swali ni kijana yuko wapi, bado anaendesha, Jumamosi iliyopita kaleta elfu 46 na sababu mbili.