Kusimama Taa Nyekundu Usiku wa Manane: Jibu Langu kwa Watu wa Dar

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Sikupanga kurekodi leo, ila lile swali limezidi. Tangu niweke video nimesimama kwenye taa usiku hapa Ujerumani, barabara tupu, mnaniandikia najifanya Mzungu. Wengine ndio wananiuma zaidi: "Waambie watu wa Dar wanavuka hovyo kwa sababu hawajastaarabika." Siwezi kusema hivyo. Si kweli.

Hapa mtembea kwa miguu akikamatwa kavuka taa nyekundu, faini ni Euro 5. Hiyo haimzuii mtu mzima. Mimi nilizuiwa na bibi mmoja, mwezi wangu wa kwanza huku, aliyenifokea mbele za watu kwamba mjukuu wake ananiangalia. Nilipata aibu mpaka leo naikumbuka. Lakini dereva asiyempisha mtu kwenye zebra anatozwa Euro 80 na kuwekewa pointi ya adhabu kwenye rekodi yake. Mzigo wamembebesha mwenye gari. Nikingoja, najua zamu yangu itafika.

Hili nimelijua kwa gharama. Leseni ya Bongo inatumika miezi 6 tu tangu uhamie, baada ya hapo mitihani upya, wa nadharia na wa barabarani. Imenila zaidi ya Euro 3,000, na sisemi ili mjue nina hela, kwa sababu zile zilikuwa akiba ya kiwanja. Usipompisha mtu kwenye zebra siku ya mtihani, umefeli hapo hapo.

Sasa mama yangu. Aligongwa na bodaboda pale Buguruni, juu ya zebra. Juu ya zebra, jamani! Gari lilisimama kumpisha, boda ikachomoka ubavuni. Ni yeye aliyetufundisha sisi watoto kutafuta zebra hata kama iko mbali. Goti limevimba, na bado siku nzima inaishia kufuatilia PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Bima nako, ukipeleka karatasi hii wanataka ile, mwaka wa pili huu, na mimi ndiye natuma hela ya matibabu. Mnaosema nalalamika, sawa, nalalamika.

Tangu siku hiyo mama anavuka popote penye kundi. Anasema dereva analiogopa kundi, mama mmoja na kikapu chake haogopwi. Mtamwita mshamba? Amepiga hesabu yake. Na vijana wakiona watu wazima wanapita katikati ya foleni, nao wanaingia.

Kwetu mwenye gari ni bosi, honi yake ni amri, na tumekubali. Nenda Manzese, kwenye daraja la watembea kwa miguu: aliyebeba beseni la samaki kichwani apande ngazi zote zile, ashuke tena, na akichelewa kibaruani hela ya siku imekatwa? Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu 1973. Anayeiheshimu akigongwa na asiyeiheshimu akifika salama, watu wanaona.

Sisemi mvuke hovyo, naomba msinikate kipande mkasambaza. Kila mtu na barabara yake, mimi natoka Buguruni, wa Masaki ataongea ya kwake. Ila wewe unayeendesha, ukisimama kumpisha mtu, toa mkono dirishani umpungie aliye nyuma yako apunguze, na uangalie kioo cha pembeni kama kuna boda inakuja. Siku ile mwenye gari hakutoa mkono.