Mkufu Uliobadilishwa kwa Jumba

REHEMA: Karibu msikilizaji katika kipindi chetu tunachokirekodi hapa Dodoma. Mimi ni Rehema na mwenzangu ni kaka Yohana. Jumamosi iliyopita nilihudhuria sherehe ya kumuaga bibi harusi, na katika meza niliyokaa, akina mama wanne kati ya saba walikuwa wamevaa lulu shingoni. Hakuna aliyevaa rubi, ilhali rubi huchimbwa Winza, wilayani Mpwapwa, katika mkoa huu huu.

YOHANA: Na kutoka hapa hadi baharini ni zaidi ya kilomita 400 kwa barabara! Rubi, dada Rehema, ikitoka ardhini haina mvuto kwa asiyeijua, na ni lazima ikatwe na kusuguliwa ndipo ing'ae. Lulu hutoka ndani ya chaza ikiwa tayari imekamilika. Watu hupenda kusema kwamba huanzia kwenye punje ya mchanga, lakini mara nyingi zaidi ni kimelea kinachoingia katika nyama laini ya chaza, naye hukizungushia tabaka juu ya tabaka la maada ile ile inayong'arisha upande wa ndani wa ganda lake. Mwanga hupenya tabaka hizo nyembamba kisha ukarudi, ndiyo maana mng'ao wa lulu huonekana kana kwamba unatoka ndani yake.

REHEMA: Wengi wetu wa bara tuliisikia lulu kabla ya kuiona. Aliyesoma madrasa aliikuta pamoja na marijani katika Surat Ar-Rahman, na aliyelelewa kanisani alisimuliwa habari za mfanyabiashara aliyeuza vyote alivyokuwa navyo ili ainunue moja tu.

YOHANA: Kwa watu wa zama zile hadithi hiyo haikuwa na chumvi. Katika Ghuba ya Uajemi, hasa Bahrain, wapiga mbizi walishuka miezi ya joto wakiwa wamebana pua kwa kibanio na kufunga jiwe mguuni ili wazame upesi, na wakafungua chaza wengi sana bila kupata chochote cha maana. Mkuu wa chombo aliitwa kwa neno lile lile tulilolirithi sisi, nahodha. Wengi walianza msimu wakiwa na deni kwake na wakaumaliza wakiwa nalo bado, kwa hiyo uzuri uliovaliwa Ulaya na India ulikuwa na watu walioulipia kwa mapafu yao.

REHEMA: Bei ilifika wapi?

YOHANA: Mwaka 1917, mjini New York, sonara Pierre Cartier alikuwa na mkufu wa nyuzi mbili za lulu za asili uliothaminiwa dola milioni moja. Mke wa tajiri Morton Plant akaupenda. Cartier akautoa, pamoja na dola 100 taslimu, akapewa jumba la familia hiyo lililopo Fifth Avenue, na duka la Cartier limo humo hadi leo. Mama huyo alipofariki, mkufu ukauzwa mnadani mwaka 1957, na bei yake haikufika hata dola laki mbili.

REHEMA: Jumba limebaki, thamani ya mkufu imeyeyuka! Nini kilitokea katikati?

YOHANA: Mjapani Kokichi Mikimoto. Mwaka 1893 alifanikiwa kumfanya chaza atengeneze lulu ya nusu duara kwa kumpandikizia kiini, na baadaye zikafuata lulu za duara kamili. Wafanyabiashara wa Paris walizipinga kwa nguvu, lakini lulu hizo zilitoka kwenye chaza halisi na mnunuzi hakuona tofauti. Mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ukaja juu ya hayo, na biashara ya Ghuba ikaporomoka.

REHEMA: Mimi ningetarajia kwamba kitu kikishapatikana kirahisi, wenye fedha wangekikimbia.

YOHANA: Hawakukikimbia, na hapo ndipo ninapoistaajabia lulu. Mbunifu wa mavazi wa Ufaransa, Coco Chanel, alichanganya lulu za bandia na za kweli shingoni pake bila kuona haya. Mkufu wa nyuzi tatu wa Jacqueline Kennedy, mke wa Rais John Kennedy wa Marekani, ulikuwa wa bandia, nao ukauzwa mwaka 1996 kwa dola 211,500, zaidi ya zile za asili za Cartier zilivyouzwa mwaka 1957. Wala si pambo la wanawake peke yao, kwani Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza alichorwa akiwa na hereni ya lulu.

REHEMA: Hapa nyumbani pia, wanawake wa Fumba na Bweleo, Unguja, wamekuwa wakifuga chaza kwa ajili ya lulu za nusu duara. Zangu ni za plastiki, nilizinunua soko la Majengo. Mwaka jana uzi ulikatika katikati ya ibada, punje zikabingirika hadi chini ya viti vya mbele, na watoto wakazifuata.

YOHANA: Mkufu mzuri hufungwa fundo kati ya punje na punje, ili uzi ukikatika idondoke moja tu. Za kweli zina masharti yake: marashi yatangulie, lulu zivaliwe mwisho, na zisikae muda mrefu katika hewa kavu kama ya kiangazi chetu, maana huweza kupasuka.

REHEMA: Na huu wa leo? Shangazi yangu alinipa akiniapia kwamba ni wa kweli.

YOHANA: Isugue punje moja taratibu kwenye meno ya mbele. Ya kweli hukwaruza kidogo, kama ina vumbi laini.

REHEMA: Ngoja... Kaka Yohana, hii inateleza kama kikombe cha chai.