Mwalimu Aliyeliacha Jukwaa: Maisha ya Carl Czerny

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu wa muziki, wanafunzi na wageni waalikwa,

Kila aliyewahi kukalishwa mbele ya piano na mwalimu mkali analijua jina la Carl Czerny, na wengi wetu tunalijua kwa machungu. Mimi nilikutana nalo utotoni katika kitabu kilichong'oka jalada, chenye kurasa za noti ndogo ndogo zilizosongamana kama siafu, na kwa miaka mingi nilidhani kwamba mwenye jina hilo aliishi duniani kwa ajili ya kuwatesa watoto. Jioni hii nimekuja kumtetea, maana naamini kwamba tumemhukumu kwa vitabu vyake vya mazoezi tukasahau kazi yake hasa, ambayo ilikuwa kufundisha.

Czerny alizaliwa Vienna, mji mkuu wa Austria, tarehe 21 Februari 1791, mtoto wa pekee wa mwalimu wa piano mwenye asili ya Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya Ucheki. Baba ndiye aliyemfundisha kwanza, na alimfundisha vizuri kiasi kwamba mtoto alipofikia umri wa miaka kama kumi, rafiki mmoja wa familia, mpiga fidla Wenzel Krumpholz, aliwaongoza baba na mwana hadi nyumbani kwa mtunzi mashuhuri Ludwig van Beethoven. Siku hiyo Czerny aliieleza mwenyewe katika kumbukumbu alizoziandika utu uzima, na ni haki tuiangalie kwa karibu. Walipanda ngazi mpaka ghorofa ya tano au ya sita, wakaingia katika chumba kilichovurugika, karatasi na nguo zimetapakaa kila upande, na ilikuwa shida kuona kiti kizima isipokuwa kile kilichoyumbayumba mbele ya piano. Beethoven alivaa koti la manyoya la rangi ya kijivu, nywele nyeusi zimemsimama, ndevu hazijanyolewa kwa siku kadhaa, hata mtoto akamfananisha moyoni na Robinson Crusoe, yule wa hadithini aliyekwama kisiwani. Masikioni alikuwa na pamba iliyochovywa katika dawa ya rangi ya manjano, ishara ya uziwi uliokuwa umeanza kumnyemelea.  Mtoto ndiye aliyeiona na kuikumbuka.

Mtoto alipiga konserto ya Mozart, yaani tungo la piano na okestra, katika ufunguo wa C. Mahali ambapo piano husindikiza tu, Beethoven alisogeza kiti, akaingiza mkono wake wa kushoto na kupiga sauti ya okestra iliyokosekana chumbani. Alipomaliza kumsikiliza alimwambia baba kwamba mtoto ana kipaji na atamfundisha mwenyewe, ila kwanza kinunuliwe kitabu cha Carl Philipp Emanuel Bach kuhusu upigaji wa vinanda. Masomo ya mwanzo yalikuwa skeli tupu, yaani ngazi za sauti zinazopanda na kushuka, katika funguo zote, namna ya kuuweka mkono, kazi ya kidole gumba, na zaidi ya yote ufundi wa kuziunganisha sauti bila kukatika, jambo ambalo wapiga piano wengi wa wakati huo, waliozoea kudonoa donoa, hawakulijali. Kwa hiyo anayelalamika kwamba Czerny anatuchosha kwa skeli ajue kwamba kuzianzia hizo ndivyo Czerny mwenyewe alivyofundishwa, na aliyemwanzisha hivyo ni Beethoven.

Njia ya jukwaani ilikuwa wazi. Mwishoni mwa mwaka 1805 Beethoven alimwandikia hati ya kumsifu kwa ajili ya safari ya maonyesho, lakini safari haikufanyika. Majeshi ya Napoleon yalikuwa yamekwisha kuingia Vienna, wazazi walikuwa wakizeeka, na Czerny alikiri bila kificho kwamba upigaji wake ulikosa ile mbwembwe ya makusudi ambayo wasanii wasafiri huitegemea kupata riziki. Hakuliacha jukwaa kabisa, kwa kuwa mwaka 1812 ndiye aliyeipiga konserto ya tano ya Beethoven ilipopigwa Vienna kwa mara ya kwanza. Hata hivyo, tangu akiwa kijana wa miaka kama kumi na mitano, maisha yake yalikuwa darasani. Kwa zaidi ya miaka ishirini alifundisha kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, wanafunzi kumi au kumi na wawili kwa siku, kisha usiku akakaa kutunga. Hakuoa; aliishi na wazazi wake hadi walipofariki, na alifuga paka.

Somo lililomkaa zaidi alilipata kwa aibu. Mwaka 1816, akipiga kwintet ya Beethoven, yaani tungo la ala tano, ya piano na ala za kupuliza, alijiachia kwa utovu wa ujana, akaongeza madoido na kufanya vifungu kuwa vigumu kuliko vilivyoandikwa. Beethoven alimkaripia mbele ya wenzake wote. Kesho yake alimwandikia barua ya kumtaka radhi, akieleza kwamba mtunzi hupenda kusikia kazi yake ilivyoandikwa, hata kama amepigiwa vizuri namna gani. Czerny alisema barua hiyo ilimponya tamaa ya kubadilisha kitu, na katika miaka ya 1840 alipoandika mwongozo wa kuzipiga kazi za Beethoven, alikataza kuongeza wala kupunguza noti yoyote.

Mwaka 1819 akaletewa mtoto mwembamba, aliyepauka, aliyeyumba kitini kama mlevi na kurusha vidole ovyo juu ya piano. Huyo alikuwa Franz Liszt, aliyekuja kuwa mpiga piano na mtunzi mashuhuri. Familia yake ilipohamia Vienna, Czerny alimfundisha karibu kila jioni na akakataa malipo. Alimbana kwa skeli na kwa kuhesabu mapigo, na mtoto aliyezoea kusifiwa hakufurahi hata kidogo. Miaka mingi baadaye, mwaka 1852, Liszt alipochapisha toleo la mwisho la mazoezi yake kumi na mawili, ambayo hadi leo yanawatoa jasho mabingwa, alimtunukia mwalimu wake wa zamani.

Sisemi kwamba kila alichotunga Czerny ni dhahabu. Kazi zake zenye namba zinafika 861, na mtu anayetunga kwa kasi hiyo lazima aandike mengi yasiyo na ladha. Mtunzi na mhakiki Robert Schumann alimkejeli kwa hilo bila huruma. Mtunzi Chopin, aliyemtembelea Vienna, alimwona kuwa mtu mwenye hisia kuliko tungo zake, na nadhani hapo ndipo penye ukweli.

Alifariki tarehe 15 Julai 1857. Miongoni mwa wanafunzi aliowaacha ni Theodor Leschetizky, aliyekuja kufundisha St. Petersburg na baadaye Vienna. Leschetizky naye alimfundisha mpiga piano Artur Schnabel, na Schnabel, katika miaka ya 1930, akaingia studio mjini London na kuwa mtu wa kwanza kurekodi sonata zote 32 za Beethoven, yaani tungo zake za piano pekee. Nimekuja na mojawapo, na kwa ruhusa ya mwenyekiti tutaisikiliza sasa.