Gitaa ni la Nani?

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema: wakubwa shikamooni, wadogo marahaba kabisa, nimeitikia kabla hamjaamkia.

Najua mnachotaka kusikia. Wanamuziki wa zamani walikuwa na msimamo, wa siku hizi ni machawa, wapambe wa kuwasifia wakubwa ili wale. Kila ukumbi ninaoalikwa naambiwa hivyo, na mimi huuliza swali langu lilelile ambalo baadhi yenu mmelichoka: gitaa lilikuwa la nani?

Mjomba wangu alipiga besi katika bendi ya shirika moja la umma, jina nalihifadhi. Alikuwa mwajiriwa kama dereva au tarishi, anapanga foleni ya mshahara mwisho wa mwezi. Mwaka 1979 akaamua kuhamia bendi nyingine. Akaitwa stoo. Mtunza stoo akafungua daftari: gitaa la besi moja, lipo. Waya wake, upo. Mashati ya sare mawili, yapo, ila moja halina kifungo cha pili kutoka juu. Wakamkata kwenye mshahara wa mwisho. Kifungo, jamani! Mjomba alisimulia kisa hicho mpaka uzeeni, na sijawahi kumsikia akimlaani binadamu mwingine zaidi ya yule mtunza stoo. Nyuma ya lile gitaa palikuwa na namba ya mali ya shirika, imeandikwa kwa rangi nyeupe kama ile ya viti vya ofisini. Rangi ilikuwa nene, imetuna. Alisema akipiga muda mrefu bila shati, namba ilibaki imechapwa tumboni.

Sasa mtu mwenye namba ya stoo tumboni ataimba nini? Aliimba Azimio la Arusha. Aliimba kilimo. Vita vya Kagera vilipokuja, akaimba vita. Tazameni bendi ya Msondo. Walianza mwaka 1964 wakiwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Chama kikageuka JUWATA, nao wakawa JUWATA Jazz. Kikaja OTTU, wakawa OTTU Jazz. Bango la ofisi likibadilishwa, na bendi inabatizwa upya! Sikinde nao, Mlimani Park, walianza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, mwaka 1983 wakahamia DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Hakuna aliyewaita machawa, kwa sababu neno lenyewe lilikuwa halijapata kazi hiyo.

Namwona mzee mwenzangu pale anatikisa kichwa. "Wale waliamini." Kaka, najua waliamini! Mjomba aliitunza kadi yake ya TANU kwenye Kurani. Nasema tu kwamba imani na mshahara vililala kitanda kimoja, na aliyekuwa nje hakuweza kujua nani anavuta shuka. Mwingine ataniambia, "Walitumia mafumbo." Walitumia, na mashairi yalikuwa matamu kuliko haya ya leo, hilo nakubali bila ubishi. Lakini fumbo ambalo bosi analicheza Jumamosi usiku, jasho linamtiririka, Jumatatu anasaini mishahara, lilimchoma nani? Tena kabla ya kurekodi Redio Tanzania, mashairi yalipitia kwanza kwenye kamati. Redio yenyewe ilikuwa moja. Ungekwenda wapi?

Na maadili ndiyo yanayonichekesha zaidi. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipiga vita vimini, mawigi na suruali za kubana. Mwaka uliofuata muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam, eti unaharibu vijana. Haya, chukueni picha za bendi za miaka ya sabini mziangalie vizuri: suruali za bugaluu zinazofagia sakafu, viatu vya raizoni, afro kama kiota cha kunguru. Watu hao hao leo wanaketi sebuleni wanamwambia mjukuu kwamba dredi ni uhuni na zamani kulikuwa na adabu. Mjomba wangu mmojawapo. Nilimwonyesha picha yake. Akasema ile ilikuwa sare.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na sehemu nzima ya Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma ya Bomba kabla hajawa sauti ya TANU kwa akina mama. Naiacha kwa uchungu. Taarabu naiacha pia, Wazanzibari mnisamehe. Mwanamuziki Remmy Ongala kwa haraka: aliimba kuhusu kondomu wakati UKIMWI unafagia watu, redio ya taifa ikagoma kuupiga wimbo. Baadaye mabango ya kondomu yakajaa barabarani, na Remmy mwenyewe akawa ameokoka, anaimba Injili. Nani alihama hapo, yeye au sisi?

Leo gitaa ni kompyuta ya chumbani, ni lako. Sawa. Kibali cha tamasha je? Dili la tangazo? Jukwaa la kampeni? Machi 2017 mwanarap Nay wa Mitego alikamatwa kwa wimbo wake "Wapo", BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, wakaufungia. Mara Rais Magufuli akaagiza aachiwe na wimbo upigwe, tena akashauri awaongeze humo wakwepa kodi. Mnaiona ile kamati ya mashairi? Imerudi, safari hii ina mjumbe mmoja. Wanarap Sugu na Profesa Jay waliona bora waingie bungeni wenyewe, mmoja mwaka 2010 kwa Mbeya Mjini, mwingine mwaka 2015 kwa Mikumi, na Sugu akaonja jela mwaka 2018. Huo ni mhadhara mwingine, nialikeni.

Basi, maswali. Tuanze na yule kijana aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja bugaluu. Wewe, mwenye dredi. Simama, mwanangu, na usiniulize kuhusu kifungo.