Hodi ya Usiku: Muvi za Mapigano Zikikutana na za Kutisha

ATHMAN: Asalaam alaykum, wasikilizaji wetu. Tuko barazani hapa Mkomani, Lamu, Isha imeshaswaliwa, na dada yangu Fatma amekuja na neno kifuani.

FATMA: Waalaykum salaam. Neno lenyewe ni muvi zinazochanganya mapigano na vitisho. Nazipenda sana, ila nina sharti: bunduki isimtoshe stelingi. Akiwa anaweza kuua kila kinachomjia, siogopi. Natazama ngumi tu, hata yule adui awe na meno ya papa.

ATHMAN: Nipe mfano.

FATMA: Predator, ya 1987. Makomando wamejaa misuli, Arnold Schwarzenegger yuko mbele. Mwenzao akiuawa na kiumbe wasichokiona, wote wanaelekeza mitutu msituni na kufyatua mpaka miti inaanguka. Kisha kimya. Wanakwenda kutazama, hakuna maiti hata moja. Niliiona nikiwa mdogo, kwenye kibanda cha vidio. Watoto walishangilia risasi zote zile, na ulipoingia ule ukimya, aliyekuwa akitafuna njugu karibu yangu aliacha kutafuna.

ATHMAN: Basi na Aliens ya 1986 iko hapo hapo. Ridley Scott alianza mwaka 1979, kwenye Alien, na dude moja ndani ya chombo kimoja cha angani, hofu tupu. James Cameron akaja akaongeza kikosi cha wanajeshi, na kuna wanaosema aliiharibu ikawa ya vita. Mimi nakataa. Wakishuka chini ya kile kinu cha nyuklia, wanaamriwa watoe risasi zao, maana wakifyatua pale watalipua kila kitu. Mwanajeshi mzima, silaha mkononi, na haimfai.

FATMA: Umenisemea. Ila ile ya 1996, From Dusk Till Dawn, usinitajie. Nusu majambazi, nusu mazimwi. Ni nguo mbili zilizoshonwa pamoja.

ATHMAN: Hapo tutaachana, dada. Ule mshtuko ndio utamu wenyewe. Majambazi wanajiona wao ndio wa kuogopwa, wanaingia baa, wanakuta walioko ndani ni wabaya kuliko wao.

FATMA: Wewe baki nayo. Mimi nipe Train to Busan ya 2016. Treni ni nyembamba, huna pa kukimbilia ila mbele au nyuma. Wale wafu waliofufuka wanaowashambulia abiria hawaoni gizani, kwa hiyo treni ikiingia kwenye handaki, watu wanapita juu yao polepole, pumzi wameibana. Kila nikiitazama naona vichochoro vyetu stima ikipotea. Unapapasa ukuta wa matumbawe, unasikia kwato za punda zinakuja na hujui ziko umbali gani, unajibanza mlangoni pa watu mpaka zipite.

ATHMAN: Na kule wakipigana wanatumia mikono tu na kirungu, wala si bunduki.

FATMA: Ndiyo! Nguvu zipo, lakini zinachoka. Ila iliyonishika kuliko zote ni Sinners ya Ryan Coogler, ya 2025. Mississippi, mwaka 1932, pacha wawili wamefungua ukumbi wa muziki, na wanyonya damu wamesimama nje. Hawawezi kuingia mpaka wakaribishwe.

ATHMAN: Subhanallah, hiyo ni hodi!

FATMA: Hodi kabisa, kaka. Bawabu wao ametoka kujisaidia, amerudi, amesimama mlangoni anaomba aambiwe aingie. Sura ni yake, sauti ni yake. Mwanamke mmoja ndani anajiuliza: huyu kazi yake ni kulinda mlango huu, leo ruhusa anaitakia nini? Hakuna ngumi iliyorushwa, na mimi mikono imelowa jasho. Mapigano yakija baadaye, kila pigo lina uzito, kwa sababu unawajua wanaopigwa.

ATHMAN: Sisi tumelelewa kwamba mgeni akibisha, karibu ndiyo inayotangulia. Anakaa dakani, anapewa kahawa, ndipo anaulizwa shida yake.

FATMA: Mchana. Usiku bibi yetu hakuwa akiitikia hodi ya kwanza, unakumbuka? Wala ya pili. Alikuwa akizima taa, anatushika mabega sote wawili, anangoja.

ATHMAN: Nakumbuka. Nilikuwa nikisikia moyo wake mgongoni mwangu.